Kushuka Mto Kongo Peke Yako: Maswali na Majibu

Mtu mmoja anaweza kweli kuushuka Mto Kongo kwa mtumbwi, kutoka chanzo hadi baharini?

Anaweza, na imeshafanyika. Mwaka 2008 Mwingereza Phil Harwood alianzia kwenye mto Chambeshi, kaskazini mwa Zambia, akafika Bahari ya Atlantiki baada ya miezi mitano hivi. Ni safari ya takriban kilomita 4,700. Mto unaanza ukiitwa Chambeshi, unatawanyika katika vinamasi vya Bangweulu, unatoka huko ukiitwa Luapula, unapita Ziwa Mweru, unageuka Luvua, kisha unaungana na Lualaba pale Ankoro. Jina la Kongo unalipata baada ya Kisangani. Wanaouliza swali hili kwa kawaida wanawaza mikono: nani mwenye nguvu za kupiga kafi kutwa nzima, wiki baada ya wiki? Mikono ni suala dogo, kwa kuwa mkondo wenyewe unafanya sehemu kubwa ya kazi. Kinachoamua kama utafika ni kujua wakati wa kutoka majini, na kukubali kutoka hata kama inaudhi. Msafiri wa mtoni aliye peke yake apimwe kwa miguu yake na kwa uamuzi wake kabla ya kupimwa kwa kafi.

Hayo ni maneno mazuri. Ushahidi uko wapi?

Uko katika mto wenyewe. Tazama msafara wa Henry Morton Stanley, uliotoka Zanzibar Novemba 1874 na kufika Boma Agosti 1877. Waliopiga makafi na kubeba mizigo walikuwa hasa Waungwana wa Zanzibar na Wanyamwezi. Mashua yao, Lady Alice, ilikuwa na urefu wa kama mita 12 na ilitengenezwa kwa vipande vya kufungua, kwa sababu tangu mwanzo ilijulikana kwamba itasafiri nchi kavu mabegani mwa watu. Januari 1877 walifika kwenye maporomoko saba ya Boyoma, kati ya Ubundu na Kisangani ya leo. Hapo walifyeka njia msituni na kuburuta mitumbwi hadi chini ya maporomoko. Kazi ilikuwa ngumu, tena katikati ya mapigano na wenyeji, lakini walipita.

Mambo yaliharibika chini zaidi, baada ya ziwa la Malebo, panapoanza maporomoko ya Livingstone. Huko mto unashuka mita 270 hivi katika mwendo wa kilomita 350. Machi 1877 mkondo ulikamata mtumbwi na kumchukua Kalulu, kijana aliyekuwa na Stanley tangu safari yake ya kwanza. Juni ikawa zamu ya Frank Pocock, msaidizi wa Stanley, na kisa chake ndicho chenye funzo kubwa zaidi. Pocock alikuwa mwana wa mtoni huko Kent, Uingereza, na mwogeleaji hodari. Viatu vilikuwa vimemwishia na miguu imejaa vidonda, hivyo kutembea kulikuwa mateso. Kwa maelezo ya Stanley, Uledi, nahodha wa mashua, alikwenda kuyatazama maporomoko ya Massassa akarudi na jibu kwamba hayapitiki. Pocock hakutaka kusubiri kubebwa. Akawakejeli wenzake kuwa ni waoga, mtumbwi ukaingia, na yeye akazama. Uledi aliokoka. Yaani aliyekufa ndiye aliyekuwa na ustadi wa maji lakini hakuwa na miguu ya kutembea. Na shauri lililopuuzwa lilikuwa la mtu aliyeshuka kwanza akaenda kutazama kwa macho yake. Mwezi uliofuata mashua yenyewe iliachwa juu ya mwamba pale Isangila, na msafara ukamalizia njia kwa kutembea. Ndiyo maana ulifika.

Kama hatari ni kubwa hivyo, si afadhali kwenda wawili au kikundi?

Kwa mambo fulani ni afadhali, na asiyekubali hilo anajidanganya. Mtumbwi ukipinduka, mwenzako atakurushia kamba. Homa ya malaria ikikulaza, yupo wa kukuchemshia maji na kwenda kutafuta dawa. Ila kikundi kina udhaifu wake: kinatia ujasiri wa bandia. Agosti 1985 mtangazaji wa televisheni wa Ufaransa, Philippe de Dieuleveult, na wenzake sita walipotea karibu na maporomoko ya Inga wakiwa na maboti ya mpira, mahali ambapo mto hupitisha kwa wastani zaidi ya mita za ujazo 40,000 kwa sekunde. Kilichowapata kinabishaniwa hadi leo, lakini wingi wao haukuwaokoa. Desemba 2010 Hendri Coetzee wa Afrika Kusini, mmoja wa wajuzi wakubwa wa mito ya Afrika, alinyakuliwa na mamba kutoka kwenye kayaki yake katika mto Lukuga, unaotoka Ziwa Tanganyika kuelekea Lualaba. Wenzake wawili walikuwa karibu naye wakipiga makafi, na hawakuweza kufanya lolote.

Kwa hiyo tofauti ya mmoja na wengi iko katika nafasi ya kukosea. Palipo na watu watatu, sehemu yenye maji ya kasi inaweza kujaribiwa, kwa kuwa kuna wa kusimama chini na kamba. Aliye peke yake sehemu hiyohiyo aihesabu kuwa imefungwa na abebe mtumbwi. Akiishika kanuni hiyo bila kujionea haya, anaweza kuwa salama kuliko kikundi chenye majigambo.

Kubeba kunamaanisha nini hasa kwa mtu mmoja?

Piga hesabu. Ukiwa na mizigo miwili, mtumbwi na mfuko, unakwenda na wa kwanza, unarudi mtupu, unakwenda na wa pili: kilomita 10 zimekuwa 30. Mizigo ikiwa mitatu, ni 50. Kati ya Ubundu na Kisangani kuna kilomita zipatazo 125. Hata ukitoa vipande vinavyopitika katikati ya maporomoko, mwenye mizigo mitatu atachoka kabla hajafika nusu. Hapo ndipo kila sufuria ya ziada inapodai haki yake. Jaketi la kujiokolea lisiachwe kamwe, wala kamba, dawa ya kutibu maji, chandarua na viatu imara pamoja na akiba yake. Mengine yapunguzwe bila huruma.

Siku hizi kuna picha za setilaiti. Bado kuna haja ya kuuliza watu?

Picha itakuonyesha povu jeupe la siku ilipopigwa. Haikuonyeshi maji ya leo, na Lualaba hupanda na kushuka kwa majira: mwamba unaoonekana kiangazi unakuwa umefichwa wakati wa mafuriko. Wanaojua ni wanaokula kutokana na mto. Pale Kisangani, wavuvi wa Kigenia husimika magogo kwenye mianya ya miamba katikati ya maporomoko, huyafunga kwa kamba yakawa kichanja, kisha huning'iniza madema makubwa, mapana mdomoni na membamba mkiani, yakielekea kule maji yanakotoka ili mkondo usukume samaki ndani. Mtu anayeamua gogo lisimame wapi lisizolewe anajua nguvu ya kila mwanya. Mwulize huyo kabla ya kuuliza simu yako. Msemaji wa Kiswahili ana bahati hapa, kwa kuwa juu ya Kisangani, mjini Kindu na Maniema yote, wanamwelewa. Chini ya Kisangani Kilingala ndicho kinachotawala, na ajifunze walau salamu na namna ya kuulizia njia.

Na viboko?

Mchana viboko hupenda kina na wakishtuka hukimbilia kina, kwa hiyo usikae kati yao na maji marefu. Pita upande wa maji mafupi, ukigonga ubavu wa mtumbwi ili wajitokeze mapema. Ubaya ni kwamba mamba nao hulala ukingoni. Usiingize mkono majini, usioge mtoni jioni, na piga kambi kijijini kwa ruhusa ya mkubwa wa kijiji. Barua zako za ruhusa zenye mihuri ziwe pakavu na karibu, maana zitaombwa mara nyingi.

Ukibeba, ukapanda treni, ukalipa watu wakusaidie, bado umeushuka mto peke yako?

Hili ndilo pingamizi zito zaidi, nami nalijibu hivi: anayelileta anafikiria mto usio na watu, na Kongo si mto wa aina hiyo. Harwood mwenyewe alikuwa na wenyeji mtumbwini kwa sehemu ya njia, na hilo halikupunguza safari yake. Wafanyabiashara wa mto huu hawajawahi kuona aibu kutoa bidhaa majini na kuzipakia kwenye reli au baiskeli. Kusafiri peke yako ni kwamba kila uamuzi ni wako na hakuna wa kumlaumu. Aliyeajiri wapagazi wanne pale Boyoma ameamua vyema, ilhali aliyezama akijaribu kulinda neno "peke yangu" hakuushuka mto.

Nianzie wapi?

Usianzie Chambeshi. Uliza kwanza hali ya usalama ya msimu huo, kwani mashariki mwa Kongo hubadilika haraka. Kukiwa na mashaka, ahirisha. Pakiwa shwari, chukua kipande cha Kindu hadi Ubundu: takriban kilomita 300 za maji yanayopitika kwa vyombo, vijiji njiani, na Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Ukifika Ubundu, toka majini. Reli ya kutoka hapo hadi Kisangani ilifunguliwa mwaka 1906 kwa sababu hakuna chombo kilichoweza kuendelea.