Mpiga Picha, Linda Kamera Yako Kabla Haijaharibika

Kamera ikigoma Alhamisi na harusi ni Jumamosi, mpiga picha hupoteza malipo na jina pia. Ndiyo sababu kampuni kubwa za kamera zina mipango ya kuwahudumia wanaoishi kwa kazi hii: Canon ina CPS, Nikon ina NPS na Sony ina PRO Support. Kamera ya mwanachama hutengenezwa mapema kuliko za wateja wengine, na mara nyingi huazimwa nyingine akisubiri yake.

Kwa kawaida, anayetaka kujiunga huthibitisha kuwa upigaji picha ndiyo kazi yake, na kwamba anamiliki vifaa vilivyo kwenye orodha ya kampuni. Masharti na ada hutofautiana nchi hadi nchi, hivyo ulizia kwa muuzaji aliyeidhinishwa huduma zinazopatikana Kenya.

Hata usipojiunga, zingatia haya:

1. Nunua kwa muuzaji aliyeidhinishwa. Kamera iliyoletwa kwa njia nyingine huenda isikubaliwe kwa waranti hapa nchini.
2. Weka risiti na kadi ya waranti. Andika kando nambari iliyochapwa kwenye kamera.
3. Waranti ikiwa bado hai, usimruhusu fundi asiyeidhinishwa kuifungua. Waweza kuipoteza.
4. Kabla ya kuipeleka, nakili picha zako, kisha utoe memori kadi.
5. Itisha stakabadhi ya kuipokea kamera na makadirio ya gharama kwa maandishi, kabla kazi haijaanza.

Matengenezo mema huanza siku ya kununua.