FAHAMU: Kura ya Wadi Hufanya Kazi Mbili

Mkazi wa Sosiot anapomchagua mwakilishi wadi, kura yake haiishii hapo. Huchangia pia kuamua ni chama kipi kitapata viti maalum katika Bunge la Kaunti ya Kericho.

Kifungu cha 177 cha Katiba kinataka wajumbe wa jinsia moja wasizidi thuluthi mbili. Kericho ina wadi 30. Tuseme wanaume wameshinda zote: wanawake 15 wataongezwa. Chama kilichoshinda wadi 20 kitapata viti 10. Kilichoshinda wadi 10 kitapata viti 5. Viti vya vijana, watu wenye ulemavu na makundi mengine yaliyotengwa hugawanywa kwa kanuni iyo hiyo.

Zingatia: kinachohesabiwa ni idadi ya wadi ambazo chama kimeshinda, si jumla ya kura zake. Chama kilichopata kura nyingi bila kushinda wadi hata moja hakipati kiti.

Majina hutoka kwenye orodha ambayo kila chama huwasilisha kwa IEBC kabla ya uchaguzi. Basi kabla ya tarehe 10 Agosti 2027, wakazi waulize vyama: ni nani walio kwenye orodha hiyo?