Mwanao akibadili jinsia chuoni, asijitibu kwa siri

MSOMAJI mmoja wa Tseikuru, kaunti ya Kitui, ameniandikia akiomba ushauri. Mwanawe, aliyemlea kama mvulana na ambaye karo yake hutokana na mbuzi anaowauza sokoni, yuko mwaka wa pili chuoni. Alirudi likizoni akaomba aitwe kwa jina la kike, na mkobani mwake mkapatikana vidonge. Baba anauliza: "Je, ni wazimu? Nimkatie karo?"

Wazazi wenye swali hili ni wengi kuliko wanaothubutu kuliuliza, basi nalijibu hapa.

Ni hali gani hii?

Kuna watu ambao nafsi zao haziafikiani na jinsia waliyoandikiwa walipozaliwa. Msiwachanganye na huntha, ambao huzaliwa wakiwa na maumbile yasiyo ya kike kamili wala ya kiume kamili. Wala hili si suala la nani anampenda nani.

Je, ni wazimu? La. Mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliidhinisha orodha mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022. Humo hali hii iliondolewa katika sura ya magonjwa ya akili. Kinachoweza kumuumiza akili kijana ni kujificha, kuchekwa na kufukuzwa nyumbani.

Hatari ya vidonge vya kujinunulia

Kijana anayeogopa daktari huenda duka la dawa akanunua vidonge vya kupanga uzazi, akameza viwili vitatu kwa siku akitarajia mwili uwe wa kike. Hili ni jambo la hatari. Estrojeni iliyo katika vidonge hivyo inaweza kugandisha damu miguuni, na bonge likisafiri hadi mapafuni linaua. Anayevuta sigara yumo hatarini zaidi.

Ukiona mguu mmoja umevimba, unauma na una joto, au pumzi zinakatika na kifua kinachoma, nenda hospitali siku hiyo hiyo na umwambie daktari ulichomeza. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Daktari anayeifahamu kazi hii huanza kwa mazungumzo marefu. Kisha hupima presha, damu na ini, huchagua dawa iliyo salama zaidi, na hurudia vipimo kila baada ya miezi michache. Humweleza kijana pia kwamba mabadiliko mengine hayarudi nyuma: matiti yakishakua hubaki, na sauti iliyokuwa nzito kwa testosteroni hubaki nzito. Uwezo wa kuzaa waweza kupungua au kupotea, ingawa homoni hizi si kinga ya mimba.

Wengine hupewa spironolaktoni, dawa inayozuia homoni za kiume. Humfanya mtu akojoe sana, kwa hiyo katika joto la Tseikuru anahitaji maji ya kutosha. Naye msichana anayejiona mvulana asijifunge kifua kwa bendeji. Hubana mbavu na kuzuia pumzi.

Chuo kifanye nini?

Mkuu wa wanafunzi na mshauri nasaha wanaweza kusaidia bila gharama kubwa. Wamwite kijana kwa jina alilochagua, wamtafutie chumba salama hosteleni, na waonye wanaomdhihaki. Muuguzi wa zahanati ya chuo asitangaze siri yake.

Kuhusu vyeti, njia imekwisha kufunguliwa. Oktoba 2014 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamuru Baraza la Mitihani (KNEC) libadili jina katika cheti cha KCSE cha Audrey Mbugua na kuondoa alama ya jinsia. Kabla ya hapo, cheti chenye jina la kiume kilikuwa kikimkwaza kila alipotafuta kazi. Anayetaka kubadili jina amwone wakili mapema, kabla ya kufuzu.

Nyumbani je?

Mzazi, usikate karo. Kijana aliyekatiwa karo habadiliki nafsi yake. Hupoteza masomo, chakula na mahali pa kulala, na dawa za siri huendelea. Huhitaji kukubaliana naye kwa kila jambo ili umsikilize. Lugha zetu zinakusaidia: katika Kiswahili na Kikamba, "yeye" ni mmoja kwa mume na mke, na "mwanangu" humfaa kila mtoto.

Mwulize anameza nini, nani alimwandikia, na lini alipimwa damu. Akiwa hajapimwa, fuatana naye hospitalini. Akishatimiza miaka 18 ni mtu mzima, na daktari hatakueleza siri zake bila idhini yake; ndiyo maana ni afadhali akueleze mwenyewe kwa kuwa anakuamini.

Zaidi ya yote, akianza kujitenga, kukataa chakula, kugawa vitu vyake au kusema heri afe, usidhani ni mzaha. Usimwache peke yake. Ondoa dawa za mifugo na za mimea karibu naye, na umpeleke hospitali usiku huo huo.