Ufunguo wa Bweni Uko Wapi Saa Nane Usiku?

Katika shule nyingi za bweni, siku huhitimishwa kwa mlio wa kufuli. Kengele ya kulala hupigwa, taa huzimwa, kisha matroni au patroni hufunga mlango wa bweni kwa nje na kuondoka na ufunguo. Hufanya hivyo kwa nia njema, ili wezi wasiingie na wanafunzi wasitoroke. Hata hivyo, kufuli halitambui tofauti kati ya mwizi anayetaka kuingia na mtoto anayetaka kutoka.

Historia ya ukanda huu imelithibitisha jambo hilo kwa uchungu. Mwezi Juni 1994, moto uliwaka usiku katika bweni la Shule ya Sekondari Shauritanga, wilayani Rombo, na kuua wasichana wapatao 40. Mwezi Machi 2001, katika Shule ya Sekondari Kyanguli, Machakos nchini Kenya, walifariki wanafunzi 67. Mlango mmoja kati ya miwili ya bweni ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na nondo. Mwezi Septemba 2020, wanafunzi 10 wa shule moja ya msingi wilayani Kyerwa, mkoani Kagera, walipoteza maisha bwenini. Mwezi Septemba 2024, wavulana 21 walifariki katika bweni la shule moja ya Nyeri, Kenya. Mioto yote hiyo iliwakuta watoto usiku.

Wengi hudhani kwamba anayekufa katika moto huuawa na miali. Mara nyingi moshi humtangulia. Godoro la sponji linapoungua hutoa moshi mzito wenye sumu, nao waweza kukijaza chumba kwa dakika chache. Moshi huo hupanda kwanza hadi darini, kisha hushuka. Aliyelala huweza kuivuta hewa hiyo akapoteza fahamu kabla hajaamka, na aliyeamka haoni hata mkono wake mwenyewe. Katika hali hiyo hakuna muda wa kumwita matroni kutoka nyumbani kwake, wala wa kuutafuta ufunguo ulipowekwa.

Kwa sababu hiyo, mpango wa kujiokoa huanza mlangoni. Bweni linapaswa kuwa na milango isiyopungua miwili, iliyo mbali mmoja na mwingine, ili moto ukiziba mmoja, mwingine ubaki wazi. Milango ifunguke kwa nje, kwa kuwa kundi la watu wenye hofu likiusukuma mlango unaofunguka kwa ndani, huufunga badala ya kuufungua. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu ya Kenya mwaka 2008 unataka pia mlango wa dharura katikati ya bweni, madirisha yasiyo na nondo, na nafasi ya mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda. Masanduku yaliyorundikwa njiani ni kizuizi sawa na ukuta.

Suala la wezi halipaswi kupuuzwa, hasa katika mabweni ya wasichana. Jawabu lake ni kuufunga mlango kwa komeo la ndani ambalo mtoto mdogo kuliko wote aweza kulifungua gizani bila ufunguo. Ulinzi uliobaki ni kazi ya uzio, taa za nje na mlinzi anayezunguka usiku. Pale ambapo nondo za madirisha haziwezi kuondolewa mara moja, baadhi yake zifungwe kwa bawaba ili zifunguke kutoka ndani.

Hatua ya pili ni mazoezi. Zoezi la kujiokoa lifanyike kila muhula, na walau mara moja lifanyike usiku, taa zikiwa zimezimwa. Ishara ya moto iwe na mlio wake wa pekee, usiofanana na kengele ya darasani; hata ringi ya gari iliyotundikwa mtini yatosha, mradi kila mmoja aijue. Wanafunzi wafundishwe kuinama au kutambaa penye moshi, kwa kuwa hewa nafuu hubaki karibu na sakafu, na wasirudi kuchukua madaftari wala sanduku. Mwanafunzi mwenye ulemavu apangiwe kitanda karibu na mlango, pamoja na wenzake wawili wa kumsaidia. Wote wakutane mahali pamoja palipopangwa, mbali na jengo, na majina yaitwe kwa daftari la bweni. Daftari hilo lihifadhiwe nje ya bweni na lisahihishwe kila jioni, kwani bila idadi kamili hakuna ajuaye nani amebaki ndani.

Moto unapotokea, kuwatoa watu hutangulia kuuzima. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupigiwa simu bila malipo kwa namba 114. Anayepiga ataje jina la shule, kijiji, na alama ya barabarani ya kuwaelekeza askari. Jeshi hilo pia hukagua majengo na kutoa mafunzo, na shule haina sababu ya kungoja maafa ndipo iombe huduma hiyo. Tahadhari kabla ya hatari.

Vifaa vingine, kama vile mitungi ya kuzimia moto na ving'amuzi vya moshi, vyahitaji bajeti. Kubadili kufuli la nje kuwa komeo la ndani hakuhitaji fedha nyingi. Kamati ya shule yaweza kuamua katika kikao kimoja, na fundi akaimaliza kazi kwa siku moja. Mzazi anayempeleka mwanawe bweni, pamoja na kuuliza juu ya ada na chakula, ana haki ya kuuliza swali hili: mlango wa bweni hufungwa vipi usiku, na nani aweza kuufungua? Jibu linalostahili ni moja tu: kila mtoto aliyelala ndani.