SOMO: KUJIFUNZA ALA ZAIDI YA MOJA ZA KUPULIZA



Wahenga walisema, mshika mbili moja humponyoka. Tunalikumbuka neno hili kila tunapomwona kijana aliyeanza klarineti juzi tu akikabidhiwa na saksafoni, kwa kuwa aliyekuwa akiipiga amehama. Muda si mrefu anazipiga zote mbili vibaya, kisha anakata tamaa na kuziacha. Hapo tumempoteza mpigaji. Katika somo hili basi tujiulize: je, mtu mmoja aweza kushika ala mbili au tatu za kupuliza zisimponyoke?

Aweza. Katika mji wa Leipzig, Ujerumani, Johann Sebastian Bach aliongoza muziki wa makanisa tangu 1723 hadi alipofariki mwaka 1750. Wapigaji walioajiriwa na mji ule, ambao walipiga pia kanisani, walitakiwa kujua ala nyingi. Mwaka 1745 Bach alimpima mmoja wao, Carl Friedrich Pfaffe, akamwandikia cheti kwamba amefaulu katika fidla, obo, filimbi, tarumbeta na nyinginezo. Lakini watu wa kazi ile hawakuzipata ala zote kwa siku moja. Walikaa miaka mingi chini ya fundi, wakipanda ngazi hatua kwa hatua.

Kinachofanana

Pumzi ni ile ile. Aliyezoea kuvuta pumzi hadi chini na kuitoa polepole bila kutetemeka ana msingi wa ala zote. Vidole navyo vina undugu. Theobald Boehm wa München alitengeneza filimbi ya namna mpya mwaka 1847, na mpango wa vidole unaotumiwa leo katika filimbi nyingi unatokana na kazi yake. Adolphe Sax, Mbelgiji, alipata hati ya saksafoni huko Paris mwaka 1846, nayo vidole vyake havitofautiani sana na vya filimbi na obo.

Kinachotofautiana

Kwanza ni midomo. Filimbi haina ulimi. Pumzi hupasuliwa na ukingo wa tundu. Klarineti na saksafoni zina ulimi mmoja wa tete. Obo ina ndimi mbili zilizofungwa pamoja, kama nzumari ya pwani yetu. Hata hapo pana tofauti: mpiga nzumari hujaza hewa mashavuni ili sauti isikatike, bali mwanafunzi wa obo huambiwa asivimbishe mashavu. Tena, anayetoka kwenye klarineti huibana mno saksafoni, na sauti yake hupanda na kuwa nyembamba. Hana budi kulegeza midomo.

Pili ni mruko wa sauti. Mpiga saksafoni akibonyeza kibonye cha oktava, noti hupanda kwa hatua nane: Do ya chini huwa Do ya juu. Klarineti, kwa sababu bomba lake ni la unene mmoja karibu urefu wote, hupanda kwa hatua kumi na mbili: Do huwa Sol ya juu. Kwa hiyo vidole vitatu vya mkono wa kushoto vinavyotoa noti ya G katika saksafoni, katika klarineti hutoa C chini na G juu. Mwanafunzi asipoelezwa jambo hili hudhani kichwa chake ni kizito, kumbe ndivyo ala ilivyo.

Mwalimu afanyeje?

1. Asimpe mwanafunzi ala ya pili kabla ya ile ya kwanza kutoa sauti safi, chini na juu, bila kuhangaika.

2. Kila siku ala mpya itangulie, wakati midomo haijachoka. Robo saa ya noti ndefu yafaa kuliko saa nzima ya nyimbo.

3. Kati ya ala na ala mwanafunzi apumzike kidogo, kisha apige noti moja tu na kuisikiliza kabla ya kuendelea.

4. Ulimi wa tete ulowanishwe kabla ya kupiga, ukaushwe baadaye na kutunzwa katika kibweta chake. Wanafunzi wasipokezane kipande cha mdomoni bila kukiosha.

5. Mwalimu mwenyewe ajifunze angalau ngazi moja ya Do, Re, Mi katika kila ala anayofundisha. Asiyewahi kuumwa midomo na obo hatamwonea huruma anayeumwa.

Maswali ya kujadiliana

(a) Je, katika bendi yetu tunampa kijana ala kwa sababu yuko tayari, au kwa sababu pana pengo?

(b) Ni nani kati yetu aliyeacha kupiga kwa kuharakishwa, naye angeweza kurudi akianza na ala moja?

Tuanze na hao. Mwenda pole hajikwai.