Kupanga Walimu kwa Mkakati: Somo la Chuo Kikuu katika Shule ya Msingi

Utangulizi

Baadhi ya wanachuo wanaosoma kurasa hizi watafika chuo kikuu baada ya miaka kadhaa ya kazi. Huko, kwa mfano katika Chuo Kikuu Mzumbe mkoani Morogoro, wengine watasoma usimamizi wa rasilimali watu, na ndani yake watakutana na mada ya usimamizi wa kimkakati. Walio wengi hawataisoma mada hiyo kamwe. Hata hivyo watakuwa Walimu Wakuu au walimu wa taaluma, nao watawagawa wenzao madarasani. Makusudi ya makala haya ni kuonyesha kwamba kiini cha somo hilo kinaweza kufahamika kwa kutazama shule ya msingi ya kawaida, na kwamba asiyekifahamu aweza kumnyima mtoto wa Darasa la I nafasi ya kujua kusoma.

Maana ya somo

Kuajiri, kulipa mishahara na kutunza majalada ya watumishi ni kazi za zamani. Jambo jipya lililosisitizwa katika miaka ya 1980 ni kwamba kazi hizo zote zifuate lengo kuu la taasisi. Mwaka 1984, wataalamu wa Marekani Fombrun, Tichy na Devanna walizitaja kazi nne zinazopaswa kushikana: uteuzi, upimaji wa utendaji, utoaji wa tuzo na uendelezaji. Mwaka huo huo Michael Beer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard walikumbusha kwamba watumishi na jamii nao wana maslahi yao, na kwamba uongozi hauna budi kuyazingatia. Tukiunganisha mafundisho hayo mawili twapata kanuni hii: kwanza tambua lengo, kisha panga watu kulifuata, bila kusahau kuwa mtu si chaki wala dawati.

Funzo la Elimu kwa Wote

Mfano mkubwa wa mpango wa watumishi tunao nyumbani. Mnamo Novemba 1974, katika Azimio la Musoma, chama cha TANU kiliamua kwamba elimu ya msingi kwa watoto wote ifikiwe mwaka 1977, badala ya mwaka 1989 uliokusudiwa awali. Lengo lilikuwa wazi, walimu hawakuwapo. Vyuo vya ualimu visingeweza kutoa maelfu ya walimu kwa muda wa miaka mitatu.

Ndipo ikaamuliwa kuwachukua vijana waliomaliza Darasa la VII na kuwafundisha ualimu wakiwa vijijini. Walifundisha sehemu ya siku na kusoma sehemu nyingine, kwa njia ya posta na redio, wakiongozwa na walimu wenye uzoefu; hatimaye walikaa chuoni kwa majuma machache. Mpango huo ulianza mwaka 1976, na hadi mwaka 1984 walimu wapatao 38,000 walikuwa wamefuzu.

Tuupime mpango huo kwa kazi zile nne. Uteuzi na uendelezaji vilifungamanishwa na lengo kwa ujasiri mkubwa, na madarasa yakapata walimu. Lakini vijana hao waliingia kazini wakiwa na elimu ya msingi tu, na wengi walihitaji kujiendeleza kwa miaka mingi baadaye. Idadi ilipatikana haraka. Ujuzi haukuweza kwenda kwa mwendo huo.

Jambo jingine la kuzingatia ni wimbi. Ada ya shule za msingi ilipofutwa mwaka 2001, na elimu bila ada ilipoanza kutekelezwa mwaka 2016, watoto walijaa kwanza katika Darasa la I. Wimbi la namna hiyo hupanda darasa moja kila mwaka. Anayelihesabu mapema aweza kujua ni darasa gani litafurika baada ya miaka minne. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mfano wa shule moja

Tuchukue shule ya kubuni yenye wanafunzi 540 na walimu 9. Kwa wastani kila mwalimu ana wanafunzi 60. Kwa kipimo cha mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, shule yahitaji walimu 12. Pengo ni walimu 3. Mwalimu Mkuu huandika barua ya kuomba watatu, kisha hungoja.

Lakini wastani huficha mambo. Tukitazama ratiba, twaona Darasa la I lina watoto 130 mbele ya mwalimu mmoja aliyeajiriwa juzi, ilhali darasa la mwisho lenye wanafunzi 45 linagawanwa na walimu watatu wenye uzoefu, kwa kuwa lina mtihani wa taifa. Hapo lengo lililoandikwa ukutani ni kila mtoto ajue kusoma, kuandika na kuhesabu, bali lengo linaloonekana katika ratiba ni mtihani. Watoto wasiojua kusoma watafika kwenye mtihani huo huo.

Kabla barua haijajibiwa, shule yaweza kutenda haya:

1. Kugawa Darasa la I katika mikondo miwili ya watoto 65, asubuhi na mchana ikiwa chumba ni kimoja.
2. Kumpa mkondo mmoja mwalimu hodari wa kusomesha, na kumwacha mwalimu mpya katika mkondo wa pili ajifunze kwake.
3. Kuorodhesha walimu watakaotimiza miaka 60 na kustaafu katika miaka mitatu ijayo, na masomo watakayoyaacha bila mtu.
4. Kuwapunguzia vipindi vingine walimu wa Darasa la I na kuitambua kazi yao mbele ya wazazi, ili darasa hilo lisionekane kuwa adhabu.

Hatua ya nne yasahauliwa mara nyingi. Mwalimu hodari akipelekwa penye mzigo mzito bila nafuu wala heshima, ataomba uhamisho, na mpango utaanguka.

Zoezi kwa wanachuo

Wakati wa mazoezi ya kufundisha, fanyeni kazi hii katika vikundi vya watu wanne, kwa idhini ya Mwalimu Mkuu:

(a) Andikeni idadi ya wanafunzi na walimu wa kila darasa. Je, wastani wa shule unaficha nini?

(b) Lengo la shule ni lipi kwa maandishi, na ni lipi kwa ratiba?

(c) Iwapo hapatapatikana mwalimu hata mmoja mwaka huu, mngebadili nini, na nani angebeba mzigo wa badiliko hilo? Mpunguzieni nini?

Majibu yajadiliwe darasani bila kuitaja shule wala mwalimu yeyote kwa jina.