Mkwe Hali Nyama, na Ndafu Inakuja

Mdogo wangu wa Moshi, barua yako imenichekesha kabla ya kunitia huruma, uniwie radhi. Nyama uliiacha ukiwa chuo. Si dini wala daktari. Huipendi tu, na harufu ya mbuzi ikipita dirishani unahama chumba. Sasa mahari imeshapokelewa, harusi ni Desemba, na wakwe zako ni watu wa Marangu. Ndafu itaingizwa ukumbini nzima nzima juu ya sinia, majani mdomoni, vigelegele kila kona, na wewe utatakiwa ukate, ulishe na ulishwe. Mchumba anajua hali yako. Mama yake hajui. Unauliza kama umeze kipande kimoja kwa ajili ya amani, yaishe.

Usimeze. Hayataishia hapo. Kamera itakuwa imekunasa ukitafuna, na Krismasi inayofuata, mkiwa kwa wazee, utawekewa paja zima kwa mapenzi. Hapo ndipo utaanza kueleza kwamba ile ya harusini ulikuwa unajikaza, na maneno yataanzia hapohapo: kumbe alituigizia mbele za watu.

Elewa kwanza ndafu ni ya nini. Kwa Wachaga yule mbuzi aliyebanikwa mzima ndiye keki ya sherehe, heshima ya ukoo mmoja kwa mwingine, na macho ya wazee pale yanatazama unavyohudumia: unapiga goti, unaanza na nani, sahani umeishikaje. Hakuna anayehesabu matonge yaliyoingia kinywani mwako. Kwa hiyo kazi yote ya heshima ifanye. Shika kisu pamoja na mwenzio, nyanyua sahani, mlishe baba mkwe, mlishe mama mkwe. Wapishi siku hizi hukata vipande mapema na kuchomeka vijiti, kwa hiyo hata kama kuishika kunakuchafua roho, huna haja ya kuigusa. Zamu yako ya kulishwa ikifika, mchumba akulishe keki ya unga au tunda. MC akiwa ameambiwa mapema atalipamba kwa maneno na ukumbi utacheka. Asipoambiwa ndiye atakayekuumbua, maana ma-MC wetu ukiwakatalia mbele ya watu wanageuza kuwa mchezo, na hawakuachii mpaka utafune.

Swali kubwa zaidi ni nani amwambie mama mkwe. Si wewe kwa ujumbe wa WhatsApp, tafadhali. Aanze mchumba wako, nyumbani, wakiwa wawili na mama yake, si kwenye kikao cha kamati ambapo kila mjomba ana maoni. Kisha shangazi yako au mama yako mdogo alirudie upande wa wanawake, kwa utaratibu, kama mambo mengine ya ndani yanavyosemwa. Wewe ukikutana naye baada ya hapo, maneno yawe machache: "Mama, nyama hainipandi tangu zamani. Naipika na naiandaa vizuri, kuila ndiyo siwezi." Kama kuipika nako huwezi, hilo ndilo useme mapema zaidi kuliko yote, kwa sababu ndafu ni ya siku moja na jiko ni la kila siku. Mume anayepika nyama yake mwenyewe yupo, lakini akubali sasa, akiwa bado mchumba na mwenye adabu.

Halafu usidanganye kwamba una mzio. Najua wengi mnapenda njia hiyo kwa kuwa inafunga mjadala. Kwa wakwe haifungi, inafungua. Utatafutiwa dawa, utapelekwa kwenye maombi, na siku utakayoonekana umekula ubwabwa uliopikwa kwa supu ya kuku bila kudhurika, neno lako litakosa thamani hata kwenye mambo mengine.

Jiandae pia kwa swali la pili, ambalo ni la haki: ukizaa je? Usinune. Nyumbani kwao mzazi hupewa mtori, supu ya mbuzi, na kwa wanaoshika mila hata mlaso wenye damu ndani. Hofu ya mama huyo ni upungufu wa damu, na hofu hiyo ina msingi. Mwanamke anapoteza madini ya chuma kila hedhi, mjamzito anahitaji zaidi, na chuma cha nyama mwili hukifyonza kirahisi kuliko cha maharage au mchicha. Tusilifiche hilo kwa kuwa tu tunapenda mboga.

Lakini chuma cha mimea husaidiwa. Maharage, choroko, dengu na kunde zile pamoja na kitu chenye vitamini C katika mlo huohuo: kachumbari iliyokamuliwa limau, chungwa, pera, embe. Chai iweke mbali na sahani. Hapa wengi tunajiharibia wenyewe, wali maharage mkono huu na chai ya rangi mkono ule, wakati chai inazuia chuma kufyonzwa. Ngoja saa moja hivi baada ya kula. Maharage yaloweke usiku kucha, na maji yale uyamwage. Kisamvu ni kizuri mno, mradi kitwangwe na kichemshwe vya kutosha, kwa sababu majani mabichi ya muhogo yana sianidi. Ukishika mimba, kliniki watakupa vidonge vya kuongeza damu, yaani chuma pamoja na asidi ya foliki. Vimeze kama unavyoelekezwa. Hupewa hata wanaokula nyama, kwa hiyo usivione kama adhabu ya uchaguzi wako. Wekundu wa damu ukishuka chini ya gramu 11 kwa desilita, mjamzito ana upungufu, awe anakula ndafu kila Jumapili au hajawahi kuionja. Na yale maji ya matembele yaliyotwangwa ambayo mashangazi watakuletea kwenye chupa, yapokee kwa shukrani, unywe ukitaka, ila kidonge kisirukwe.

Protini isikutishe. Vipeperushi vya Taasisi ya Chakula na Lishe vilizoea kuweka vyakula vya jamii ya kunde kundi moja na nyama, samaki, mayai na maziwa, na tuliosoma shule za bweni tunajua ni maharage gani yaliyotulea. Tena wakwe zako haohao wana kiburu, ndizi na maharage vilivyopondwa pamoja. Nenda ukafundishwe kukipika kabla ya harusi, na mwalimu awe mama mkwe. Akishakuona unakipakua mara ya pili, nusu ya wasiwasi wake itapungua yenyewe.

Kinachotaka umakini kweli ni vitamini B12. Kwenye mimea huwezi kuitegemea. Iko kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 tu kwa siku, na ini huweka akiba ya miaka. Ndiyo maana aliyeacha vyote, hadi yai na maziwa, anaweza kujiona mzima muda mrefu, akawahubiria na wenzake, kabla ganzi ya miguu, uchovu na upungufu wa damu havijajitokeza. Wewe umesema dagaa unakula, mayai unakula, na mtindi haukushindi, kwa hiyo hapo huna tatizo. Anayeacha vyote atafute vidonge vya B12 au vyakula vilivyoongezewa, aongee na daktari, na asimsikilize muuza mitishamba anayemwambia mlonge unamaliza kila kitu.

Na kwa kuwa dagaa unakula, acha kujitangaza kwa neno moja la jumla. Taja vyakula kwa majina. Mwenyeji wa kwetu ukimwambia huli nyama atakujibu bila hila, "Basi chukua kuku." Ukikataa kuku anakutolea nyama kwenye bakuli na kukuachia mchuzi wake, akijua amekuokoa. Sema: samaki ndiyo, yai ndiyo, kuku hapana, mchuzi wa nyama hapana. Kwa mamantilie sema kabla upawa haujanyanyuka, maana wao mchuzi wa nyama wanaumwaga kwa ukarimu juu ya wali maharage, tena bila malipo ya ziada, na ukilalamika baadaye unaonekana huna shukrani.

Nikiwa bado kwenye hili, dada wa Tanga. Wewe umeacha nyama mwezi uliopita, Mungu akuzidishie, lakini sasa unamtumia mumeo habari za saratani kila akikaa kula. Unasema "nyama ni sumu, wataalamu wamethibitisha." Wamethibitisha nini hasa? Oktoba 2015 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliziweka nyama zilizosindikwa, soseji na bekoni na jamaa zake, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani. Nyama nyekundu ikawekwa kwenye kundi la vinavyoelekea kusababisha. Kundi la soseji ndilo lenye sigara pia, na hapo ndipo watu walipotia chumvi, kwa sababu makundi yale yanaonyesha ushahidi una nguvu kiasi gani, hayapimi hatari ni kubwa kiasi gani. Walichokadiria ni kwamba gramu 50 za nyama iliyosindikwa zikiliwa kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18 hivi. Mumeo, kwa maelezo yako mwenyewe, anakula pilau ya nyama Ijumaa na mchuzi mara mojamoja. Wanaokula soseji kila asubuhi hapo nyumbani ni watoto, na anayezinunua ni wewe. Anzia hapo. Mume mwache ale pilau yake kwa amani. Hata Waadventista Wasabato, ambao kati yao wako wengi wasiokula nyama kabisa, huishi nyumba moja na ndugu wanaokula, na sufuria zinapishana jikoni bila mahubiri kila mlo.

Mwisho ni kaka wa Nairobi. Kila Jumamosi unakwenda na wenzako Kenyatta Market, kilo za mbuzi zinachomwa, wewe unakula ugali na kachumbari, bili ikija inagawanywa sawa. Juu ya hayo wanakuita sungura. Utani wa sungura utauvumilia, na ukiuchoka wakumbushe ni wangapi kati yao walilelewa kwa githeri, yaani mahindi na maharage, hadi wakawa wanaume wa kujisifu. Pesa ndiyo isikutie aibu kuisema. Isemee pale buchani, kabla nyama haijapimwa, si bili ikishafika mezani na kila mtu ameshiba na hataki kelele: "Leo mimi niko kwa ugali, kachumbari na sukuma, na soda za meza nzima." Hapo umelipia kitu, umekaa na watu wako, na kilo wataagiza kulingana na watu wanaokula. Atakayesema unajitenga kwa sababu ya soda na sukuma wiki, mwachie alipe yeye Jumamosi hiyo.